Paa limeng'oka na misumari yote imenyooka. Fundi anasema aongeze misumari tu. Ni sahihi?

JiraniWaBarani (Malindi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaojua ujenzi wa mbao, na naomba niupate kabla fundi hajarudi kazini.

Kusi imeng'oa upande mmoja wa paa la nyumba ya mama mkwe wangu huku Barani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Kilichonishangaza ni kwamba mabati hayakuachana na papi, zile mbao za kulala yanakopigiliwa. Yaliruka pamoja na papi zake, kipande kizima, yakaangukia uani kwa jirani. Nilipozigeuza zile papi nikakuta misumari ya inchi nne imetokeza chini yake, imenyooka kabisa, hakuna hata mmoja uliopinda wala kukatika. Ncha zina kutu kidogo tu. Juu ya kombamoyo, zile mbao za mshazari zinazobeba papi, mashimo yamebaki duara, safi, hakuna ufa.

Papi ni 3x2 za saipras, zimesimamishwa, ule upande wa inchi tatu ndio kimo. Kombamoyo ni 4x2, zimeachana kama mita 1.2, na papi ziko kila sentimita 90. Nyumba haijafika miaka mitatu. Fundi anasema tatizo ni misumari michache: alipiga mmoja kila kiungo, sasa atapiga miwili. Mama yuko tayari kumlipa. Mimi nasita. Miwili inatosha?

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Wa aleikum salaam. Mpe mama pole. Na malipo yangoje kwanza.

Umetaja jambo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: misumari imenyooka. Msumari uliosukumwa ubavuni hupinda, na shimo lake huvutika likawa refu upande mmoja. Msumari uliovutwa kufuata urefu wake hutoka vile ulivyoingia, na shimo hubaki duara. Kwa hiyo kwenye paa lenu hakuna mbao iliyovunjika wala chuma kilichoshindwa. Paa limechomolewa.

Msumari wa kawaida, ule laini wa waya, hauna kitu kinachouzuia usitoke isipokuwa mbano wa nyuzi za mbao zilizosogezwa pembeni ulipokuwa unaingia. Ni msuguano, basi. Ukiusukuma ubavuni mambo ni mengine: mbao inabidi ikandamizwe, chuma kinabidi kipinde, na vyote viwili huchukua muda na nguvu. Mhandisi wa Denmark, K. W. Johansen, alitoa hesabu ya jambo hili mwaka 1949, na kanuni za Ulaya za ujenzi wa mbao, Yurokodi 5, zimejengwa juu ya hesabu hiyo mpaka leo.

Sasa tulipime paa lenu. Chukua upepo wa kilomita 108 kwa saa. Unakandamiza au kunyonya kwa nguvu ya karibu kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Kila kiungo chenu cha papi na kombamoyo kinabeba eneo la zaidi kidogo ya mita moja ya mraba, yaani kama kilo 60 zinazovuta kwenda juu. Bati la geji 30 halifiki kilo 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo usitarajie uzito wake usaidie. Na hizo 60 ni za katikati ya paa. Kwenye kona na kingo mnyonyo hufika mara mbili yake, ndiyo maana mapaa huanza kufunguka pembeni.

Upande wa pili, msumari wa inchi nne wenye unene wa milimita 4, ukiwa umezama milimita 50 ndani ya mbao laini kavu, unahesabiwa kilo 49 za kuvutwa. Ukipunguza za usalama unabaki na kama 34. Msumari huohuo ukisukumwa ubavuni unahesabiwa kilo 115 kabla ya kupunguza. Chuma ni kilekile na mbao ni ileile. Kilichobadilika ni upande nguvu inakotoka.

Lakini ninyi hamkuwa hata na hizo 34. Papi yenu imesimama, kimo milimita 75. Msumari wa inchi nne una milimita 100. Uliozama kwenye kombamoyo ni milimita 25 tu, mara sita ya unene wa msumari. Yurokodi inataka angalau mara nane ndipo msumari laini uhesabiwe kuwa umeshika chochote. Kwa lugha ya kanuni, papi zenu zilikuwa zimewekwa juu ya kombamoyo, hazikufungwa. Fundi akipiga misumari miwili ya namna hiyo, bado hazijafungwa.

FundiMkongwe (Mambrui)

Shekhe, hesabu zako nimezisoma na sina ugomvi nazo. Lakini nimeezeka nyumba nyingi huku kwetu, inchi nne, mmoja kila kiungo, na zimesimama. Kusi zimepita juu yake mwaka baada ya mwaka. Ikiwa msumari haushiki, mbona haya mapaa yapo?

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Ami, swali lako linastahili jibu la kweli, maana ndilo linalowagawa mafundi na wahandisi kila siku.

Mapaa hayo yapo kwa sababu siku nyingi upepo haufiki kiwango hicho. Nyumba nyingine imezibwa na minazi, nyingine iko nyuma ya ghorofa, nyingine madirisha yalikuwa yamefungwa siku ya dhoruba. Dirisha la upande wa upepo likiwa wazi, hewa huingia na kusukuma paa kutoka ndani huku ile ya nje ikilinyonya. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, mbao za lori moja, zinaweza kupata majaaliwa tofauti usiku uleule.

Jambo la pili ni kwamba msumari na msumari havilingani. Piga misumari 20 kwenye ubao mmoja, uichomoe mmoja mmoja kwa mizani. Utapata unaoachia mapema na unaokutoa jasho, kwa sababu mmoja umeingia kwenye mbao nzito, mwingine kwenye laini, mwingine pembeni ya kifundo, mwingine kwenye ufa usioonekana. Ndiyo maana kanuni hazichukui wastani. Zinachukua kiwango ambacho misumari 95 kati ya 100 itakipita, halafu zinakigawa tena kwa 1.3.

Na hapa ndipo kuvutwa kunapokuwa hatari kuliko kusukumwa. Kwenye kiungo kinachosukumwa ubavuni, msumari dhaifu hupinda kidogo na kuendelea kubeba, wenzake wakapokea sehemu ya mzigo. Kiungo hulia, hufungua mwanya, hukupa siku ya kukiona na kukitengeneza. Kwenye kuvutwa, msumari dhaifu ukishateleza unaachia karibu kila kitu, mzigo unaruka kwa jirani yake, naye anaachia. Mstari mzima wa papi huondoka kwa pumzi moja ya upepo. JiraniWaBarani ametuambia lilitoka kipande kizima. Ni hivyo hivyo.

Swali moja kwa mwenye uzi: mbao zilikuwa kavu zilipopigiliwa?

JiraniWaBarani (Malindi)

Hapana. Zililetwa mbichi. Nakumbuka harufu, na fundi akipiga msumari unaona maji yanachuruzika pembeni ya kichwa. Tuliambiwa zitakaukia juu.

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Zilikaukia juu kweli, na zilipokauka zikaachia misumari. Mbao mbichi inapokauka hunywea, nyuzi zilizokuwa zimebana chuma hulegea. Yurokodi inakata theluthi moja ya nguvu ya kuvutwa kwa msumari uliopigwa kwenye mbao iliyojaa maji ambayo itakauka ikiwa na mzigo. Zile 34 zinakuwa kama 23. Zaidi ya hapo papi yenyewe hunywea kimo chake, kichwa cha msumari kikabaki kimeinuka juu ya mbao na papi ikapata nafasi ya kucheza. Upepo ukianza kuitikisa, kila mtikiso unausogeza msumari juu. Panda ngazi uangalie upande wa paa uliobaki. Ukiona vichwa vimeinuka kiasi cha kupitisha ukucha, upande huo nao unasubiri zamu yake.

Keke_na_Shoka (Matondoni)

Naomba nichangie kutoka bandarini. Kwetu jahazi linajengwa kwa misumari, na bahari inaivuta na kuisukuma kila saa, lakini hatuutegemei mbano wa mbao peke yake. Msumari wa kushika ubao kwenye taruma, yaani mbavu za chombo, unapitishwa mpaka utokeze upande wa ndani, halafu ncha inakunjwa na kugongwa irudi ndani ya mbao. Msumari uliokunjwa hautoki mpaka ujinyooshe kwanza, na kujinyoosha ndani ya mbambakofi si jambo dogo. Chini ya kichwa unazungushiwa pamba yenye mafuta, maji yasifuate chuma.

Na hakuna msumari unaoingia bila keke, chombo cha kutobolea, kutangulia. Mti mgumu ukiupigilia kavukavu unapasuka, na ubao uliopasuka kwenye mwisho wake hauna kazi tena. Wazee wa mtepe, chombo cha kale cha Pwani, hawakutumia msumari kabisa, walishona mbao kwa kamba za makumbi. Sisi tunaotumia chuma tuna wajibu wa kukielewa.

Hapo kwenye papi mngeweza kukunja ncha? Nauliza kwa sababu kombamoyo ni nene.

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Ahsante, maelezo yako ni dhahabu. Kombamoyo ya 4x2 iliyosimama ina kimo cha sentimita 10, ukiongeza papi unahitaji msumari mrefu mno, na utapasua mbao. Kukunja kunafaa mahali ambapo mbao mbili nyembamba zinalaliana, kama vile kuunganisha vipande viwili vya mbao ubavu kwa ubavu kwenye kenchi, ile fremu ya pembetatu inayobeba paa. Kwa papi ipo njia nyingine, nitaieleza.

BandaLaMakuti (Watamu)

Samahani kwa kuingilia. Mimi najenga banda la wageni la makuti, nguzo na kombamoyo ni mivinje. Kila tukipiga msumari karibu na mwisho wa mti unapasuka urefu mzima. Tumebadilisha misumari ikawa myembamba, bado. Fundi anataka tuache miti ya mvinje tununue mbao za kupasua. Na wengine wananiambia nifunge kamba tu kila mahali kama zamani.

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Usiache mvinje, ni mti mzuri na tunaupanda hapahapa Pwani. Ni mzito tu. Kanuni inasema mbao ikizidi kilo 500 kwa mita ya ujazo lazima itobolewe kabla ya msumari, na mvinje unapita 800. Tundu lisizidi asilimia 80 ya unene wa msumari. Kwa msumari wa milimita 5 toboa kwa biti ya milimita 4. Kutoboa hakupunguzi nguvu ya ubavuni. Kwenye mti mgumu kunaiongeza, kwa sababu nyuzi hazijachanwa.

Halafu umbali kutoka mwisho wa mti. Hata ukitoboa, ikiwa nguvu inausukuma msumari kuelekea kwenye ule mwisho, acha mara 12 ya unene wake. Msumari wa milimita 5, sentimita 6. Mafundi wengi huacha sentimita 2 au 3 kwa sababu nguzo inaonekana nadhifu hivyo. Kwenye mbao laini isiyotobolewa ni mara 15. Na misumari miwili isifuatane kwenye mstari mmoja wa nyuzi, ipishanishe kidogo kushoto na kulia. Misumari iliyopangwa juu ya uzi mmoja ndiyo inayoanzisha ufa.

Kuhusu kamba, wanaokuambia hivyo wana haki kwa sehemu kubwa. Kamba nzuri iliyofungwa na kukazwa vizuri inazunguka miti yote miwili, haitegemei mbano wa tundu. Makuti yenyewe na fito zake zifunge kwa kamba. Kwa maungio makubwa ya nguzo na kombamoyo weka bolti yenye washa pana, kisha kamba juu yake ukipenda. Msumari mmoja kwenye mti wa duara, unaogusana na mwenzake kwa nukta tu, usiutegemee hata kidogo.

BintiLangoni (Lamu)

Nami nina langu. Nyumba yetu ya zamani, ghorofa ya juu iliongezwa paa la mabati juu ya boriti za mikoko. Kila msumari umezungukwa na weusi kwenye mti, na ukiuminya kwa bisibisi mbao ni laini, inabonyea. Sehemu nyingine za boriti ni ngumu kama mpya. Ni mchwa?

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Dada, mchwa angekula na mahali pasipo msumari. Ule weusi ni chuma kikikutana na tanini, utomvu mkali wa magome, na mikoko imejaa tanini, ndiyo maana magamba yake yalikuwa yakitumika kusindika ngozi. Ulaini ni jambo jingine, na ndilo la kuhofia. Pale penye unyevu wa chumvi, msumari unaoshika kutu unabadilisha kemia ya mbao inayouzunguka, sehemu moja inakuwa na asidi, nyingine magadi, na vyote viwili vinaila mbao. Wenye vyombo vya mbao wanaujua ugonjwa huu. Mwisho wake unabaki na msumari mwembamba ndani ya tundu pana.

Usirudishe msumari mpya kwenye tundu lilelile. Sogea kwenye mbao nzima, toboa, na tumia misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto, yenye rangi ya kijivu isiyong'aa na ngozi ya kukwaruza. Ile inayong'aa sana kwa kawaida imepakwa zinki kwa umeme, safu nyembamba mara kadhaa, na hewa ya baharini huimaliza mapema. Ukiweza kupata ya stenlesi kwa maungio machache muhimu, gharama yake inajilipa. Tahadhari hiyohiyo kwa mbao zilizotiwa dawa ya kijani: ile dawa ina shaba, na shaba hula zinki na chuma.

Nikuongezee kitu. Mapaa ya asili ya mji wetu yalikuwa ya mawe na chokaa juu ya boriti, mazito mno. Boriti zikawa fupi, na vyumba vyembamba vikafuata urefu wa boriti. Paa la namna hiyo upepo hauliinui, uzito wake unalishikilia, halihitaji msumari. Tulipoleta mabati tulileta paa jepesi kwenye nyumba ambazo kuta zake hazikuwahi kuulizwa kushikilia kitu kisiruke. Kila paa la bati lililoongezwa juu ya nyumba ya mawe linatakiwa kufungwa upya mpaka ndani ya ukuta, na nimeona mengi ambayo yamewekwa tu.

MamaWatoto_Muyeye (Malindi)

Na dari? Kwetu mbao za dari zimepigiliwa kutoka chini kwenda juu, na feni imening'inia hapo.

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Shusha feni leo. Msumari laini hautakiwi kubeba mzigo wa kudumu unaouvuta, hata ukiwa mdogo, kwa sababu mbano wa mbao hupungua mwaka hadi mwaka huku mzigo haupungui. Feni nayo inatikisika. Iwekwe kwenye bolti inayopita mbao nzima, au kwenye mbao iliyolazwa juu ya mihimili ya dari ili uzito uikalie. Dari lenyewe lishikwe kwa skrubu.

FundiMkongwe (Mambrui)

Maalim, nimekuelewa kuhusu kuvutwa. Sasa tupe dawa ya papi, na iwe ya fundi mwenye nyundo na msumeno. Wateja wetu hawana pesa ya vyuma vya kuagiza.

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Haihitaji kuagiza. Chukua ukanda wa bati la chuma lililochovywa zinki, upana sentimita 3, unene milimita 1. Upitishe juu ya papi, ushuke pande zote mbili za kombamoyo, upigilie misumari mitatu kila upande. Misumari minene ya inchi moja na nusu, milimita 3, inatosha. Upepo ukivuta papi juu, ukanda unavutika, na misumari sita inasukumwa ubavuni badala ya kuchomolewa. Kwenye mbao laini, hata baada ya kupunguza za usalama, kiungo hicho kinapita kilo 250. Linganisha na 34. Msumari wa juu bado upige, kazi yake ni kushika papi isiteleze.

Ukanda ukaze usilegee. Usipige msumari mpaka kichwa kichane bati. Na usiupinde ukanda kwa kona kali ya nyundo, zinki inapasuka na kutu inaanzia hapo.

Zianze kona, kingo na kilele, upana wa mita moja na nusu kuzunguka paa, kila kiungo. Katikati kama pesa hazitoshi funga kimoja ruka kimoja, kisha mrudi.

JiraniWaBarani (Malindi)

Nimemsomea fundi wetu uzi wote. Alinyamaza kidogo kisha akauliza: papi zikifungwa kwenye kombamoyo, kombamoyo zenyewe zimefungwa na nini? Tukapanda. Zimekaa juu ya mtambaapanya, ule ubao unaolala juu ya ukuta, kwa misumari miwili ya mshazari kila moja, na mtambaapanya umelala juu ya ukuta wa matofali bila kitu.

SeremalaWaMkomani (Lamu)

Huyo fundi mwambie nimemheshimu kwa swali hilo, na mama amlipe vizuri akilimaliza. Nguvu ya upepo haipotei, inashuka. Ukifunga papi ukaacha kombamoyo, safari ijayo zitaruka kombamoyo pamoja na papi, kipande kikubwa zaidi na cha hatari zaidi kwa jirani.

Kombamoyo kwenye mtambaapanya: ukanda uleule, lakini eneo linalobebwa ni kubwa, kwa hiyo kanda mbili, moja kila ubavu, misumari mitano kila ncha. Mtambaapanya kwenye ukuta: kama kuna linta, yaani mkanda wa zege, juu, toboeni muingize bolti za milimita 12 kila mita moja, na washa pana juu ya mbao. Kama hakuna linta, ni matofali matupu, basi bolti za juu zitang'oa tofali mbili na kuondoka nazo. Hapo teremsheni chuma cha milimita 8 mpaka kozi (safu ya matofali) ya tano au ya sita, mkipitishe ukutani, mkikunje upande wa pili na kukisakafia kwa saruji, ili uzito wa ukuta wenyewe uwe juu yake.

Anzeni na upande uliobaki kabla ya ule ulioruka. Ndio ambao watu wanalala chini yake usiku huu.